Ardhi ya serikali nayo iandikiwe bili

Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Kwa mwenye ploti binafsi, utaratibu unajulikana: ploti huingizwa katika daftari la uthamini, notisi hutolewa kwa umma, pingamizi husikilizwa, kisha bili hufuata. Asipolipa, riba huongezeka na kesi hufunguliwa.

Ardhi ya serikali kuu iliwekewa njia nyingine na sheria za zamani: badala ya kodi, Hazina ilitoa mchango kwa mabaraza ya miji. Kwa kuwa ofisi ya wizara haiwezi kupigwa mnada, mchango usipolipwa deni hurundikana, na kaunti na Hazina kila moja huja na hesabu zake.

Ndiyo maana notisi ya bili ni muhimu. Bili isiyotaja namba ya ploti, ukubwa, thamani, kiwango cha kodi na tarehe ya mwisho ya kulipa ni rahisi kukataliwa. Ikitumwa kwa ofisi isiyohusika, hukaa kwenye trei bila kujibiwa. Nyumba za watumishi zisizo na hati miliki huzidisha utata, kwa sababu haijulikani nani aandikiwe.

Kaunti ziorodheshe ploti za serikali moja baada ya nyingine na kupeleka notisi kwa wizara husika, nakala kwa Hazina. Wizara yenye pingamizi ilitoe mapema. Kiasi kisichobishaniwa kiingizwe katika bajeti ya mwaka unaofuata.