Vigae vya Ulaya ya Kilosa

Ulaya tunayoitaja hapa si ile ya ng'ambo. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, na bila shaka wenyeji wake wamekwisha kuchoshwa na mzaha wa jina hilo. Mchezo tutakaoueleza, hata hivyo, ulizaliwa katika Ulaya ile nyingine.

Mwaka 1812 mtumishi wa serikali ya Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimtolea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita. Juu yake vilipangwa vigae vyenye mito, misitu na vilima, na kila kigae kiliweza kuunganishwa na kingine, hata uwanja ukawa mpya kila mchezo. Tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, wachezaji wamekuwa wakitengeneza vigae vya namna hiyo vya kumbi na mapito ya chini ya ardhi. Vijisanamu hutembezwa humo, na dadu huamua yatakayowapata.

Mwalimu aweza kusema kwamba huo ni upuuzi. Mimi nasema ni maabara ya bei nafuu, ilimradi vigae visinunuliwe bali vitengenezwe na wanafunzi wenyewe.

Tuanze na kipimo. Katika mchezo huo inchi 1 ya meza ni futi 5 za ardhi, yaani uwiano wa 1 kwa 60. Mlango wa mita 2 utakuwa na kimo cha sentimita 3.3 hivi. Mwanafunzi akikosea hesabu, kosa lake litaonekana na darasa zima pasipo haja ya kalamu nyekundu.

Kisha huja mali ghafi, na hapa ndipo penye sayansi yenyewe. Wengi watakimbilia udongo wa mfinyanzi kwa sababu haununuliwi. Niliwahi kuujaribu nikajuta. Udongo husinyaa unapokauka, na hausinyai sawasawa: kigae kimoja cha sentimita 10 kilipungua milimita 6, jirani yake 9, na ukuta wangu haukukutana tena. Kama vyote vingalipungua kwa kiasi kimoja, nisingalipata taabu yoyote.

Jasi, ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu, haina tabia hiyo. Jiwe lake, lichimbwalo huko Makanya wilayani Same, likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake. Unga huo ukitiwa majini huyarudisha maji yale, huganda, hutoa joto linalohisika mkononi, na hata kupanuka kidogo sana. Basi kigae huijaza kalibu yake barabara. Kalibu yenyewe ni fremu ya mbao iliyopakwa maji ya sabuni. Unga umiminwe katika maji, wala si maji katika unga, usije ukawa mabonge. Nyuzi fupi za katani, zao ambalo Kimamba, jirani na Kilosa, palijulikana kwalo, zikichanganywa humo huzuia kigae kisivunjike.

Wanafunzi wa Kilosa hawana haja ya kujenga mahandaki ya mazimwi peke yake. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliwaacha maelfu ya watu wa wilaya hiyo bila makazi na kuiharibu Reli ya Kati. Vitengenezwe vigae vya mto, tuta, reli, shamba na nyumba. Sharti liwe moja: mto uingie na kutoka katikati ya ubavu wa kigae, kwa upana ule ule, ili kazi ya mkono mmoja iungane na ya mwingine.

Nakiri upungufu wake: hakuna mto wa kweli unaotii sharti hilo. Mwana wa Reisswitz alitambua jambo hilo, na mwaka 1824 akatoa mchezo uliotumia ramani za uwiano wa 1 kwa 8,000. Kwa hiyo ramani ya Mto Mkondoa itundikwe ukutani karibu na meza. Mwalimu aondoe kigae kimoja cha tuta, kisha aulize maji yatafika wapi kwanza, na watu wa nyumba zile wapitie njia gani usiku.