Bibi Alivuka Mto, na Hilo Si Siri Tena

Wiki ya kwanza chuoni swali ni moja tu: "Kwenu wapi?" Mimi nina majibu mawili. La kwanza nalitoa haraka, Mtwara Vijijini, na mazungumzo yanaendelea. La pili nilikatazwa kulisema tangu nikiwa mdogo. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka miaka ya 1940 akiwa mgongoni kwa mama yake, kwenye mtumbwi, usiku, Wareno wakiwa wanawalazimisha watu kulima pamba. Waliovuka naye ndio waliofyeka pori ambalo leo ni mikorosho yetu.

Mjomba hataki lisemwe. Anasema watoto wa siku hizi hamjui maneno ya watu. Na kusema kweli namwelewa. Tangu vurugu za Cabo Delgado zianze Oktoba 2017, na hasa baada ya Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020, huku mpakani "kwenu wapi" si salamu tena. Mtu anaweza kuitwa Mmawia kwa utani leo, na kesho utani ule ukawa tuhuma. Bibi mwenyewe kaniruhusu kuandika haya, mradi nisitaje jina lake wala la kijiji. "Andika, mke mwenzangu," aliniambia, "mimi nikifa utamuuliza nani?"

Ndugu zangu wanachuo, hoja yangu ndiyo hiyo hiyo ya bibi. Historia ya familia zilizofungua mashamba ya huku kwetu iko vichwani mwa wazee wachache, wengi wao wanawake, na sisi tunaosomea ualimu tunaiacha iondoke kwa sababu ya aibu.

Tangu sekondari tumekariri Makaburu walivyotoka Rasi na mikokoteni yao miaka ya 1830. Tumewasoma Wangoni kutoka kusini hadi Songea. Mmarekani ambaye babu yake alienda magharibi kutafuta ardhi ana pa kuanzia: sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano, na kila ombi lilifunguliwa faili. Mjukuu anaenda kwenye nyaraka, anasoma jina la babu, tarehe, hata nyumba aliyojenga. (Wenyeji walionyang'anywa ardhi ile faili lao ni jingine kabisa, lakini hayo tuyaache.) Kwetu sisi faili ni bibi.

Na faili hilo lina namna yake ya kusomwa, ndipo wengi tunapokosea. Kwa desturi ya Kimakonde aliyefika kwanza akafyeka ndiye mkulungwa, na kijiji kikaitwa kwa jina lake. Akifariki, nafasi inaenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake, na mara nyingi mpwa huyo anarithi hadi jina. Sasa fikiria. Mimi nilikuwa nasikia habari za mzee mmoja (nimwite Fulani) aliyefyeka pori, aliyepigana na nguruwe, aliyekwenda kufanya kazi kwenye mkonge Lindi, aliyepanda mikorosho ya kwanza. Nikawa najiuliza, huyu mtu aliishi miaka mingapi? Nilipokaa na bibi na daftari, nusu saa tu, Fulani akawa watu watatu. Mmoja kafyeka, mwingine kaenda mkonge, wa tatu kapanda. Bibi anawatofautisha kwa mama zao: "Huyo wa mkonge ni wa Bi fulani, yule wa kwanza ni kaka yake mama." Ningewauliza wanaume peke yao ningeandika uongo mtupu kwa nia njema.

Mikorosho nayo imeleta mambo. Mhogo na mtama unalima, unavuna, unahama. Mkorosho unasimama miongo mingi, na aliyeupanda kwa jasho lake anataka urithiwe na mtoto wake wa kumzaa, siyo mpwa. Ndiyo maana kwetu mtu mmoja ana ukoo wa mama na shamba la baba, na kila mazishi yana kikao kirefu. Anayetaka kujua shamba ni la nani kwa nini, lazima ajue nani alikuja na nani na mwaka gani. Kesi za mipaka ya mashamba zinakwenda kwenye mabaraza bila mtu mwenye kumbukumbu iliyoandikwa, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na miti.

Likizo iliyopita nilimwomba bibi anipeleke kwenye mahame. Hapo ndipo walipokuwa wakiishi kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 kuwaleta kandoni mwa barabara. Tulitembea saa nzima na zaidi, yeye mbele na fimbo yake. Pana miembe mitatu mikubwa na vigae vya vyungu, basi. Bibi alisimama chini ya mwembe wa katikati akasema mkulungwa wa kwanza kalala hapo. Hapana jiwe, hapana jina. Nikamuuliza mjomba anapajua? Akacheka. Mjomba alikuja mara ya mwisho akiwa mtoto.

Ajabu ni kwamba wageni walianza kuandika zamani. Karl Weule, Mjerumani, alipanda hadi Newala mwaka 1906, na miongoni mwa aliyoyaandika ni simulizi ya asili ya Wamakonde. Mtu aliyekuwa peke yake porini alichonga mti, mti ukawa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza, huko Ruvuma walikoshuka, alizaliwa mfu. Wakaenda Mbemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wa tatu, Mahuta, ambako leo ni Tandahimba, akaishi. Ndipo likatoka agizo: msijenge karibu na maji makubwa. Watu wameishi juu ya uwanda usio na maji, wanawake wakishuka mabondeni na vyungu, na simulizi inaeleza kwa nini. Hata hiyo ni habari ya familia inayohama ikitafuta mahali pa kulea mtoto. Nimeisoma chuoni kwa mara ya kwanza, mimi Mmakonde wa miaka ishirini na miwili!

Kuhusu aibu ya ng'ambo. Ruvuma iliwekwa kuwa mpaka na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na hata wao hawakuuheshimu: mwaka 1894 Wajerumani wakachukua Kionga, kusini ya mlango wa mto, na Wareno wakaipata tena 1916. Mtu wa Kionga alibadilishiwa mkoloni mara mbili bila kuhamisha hata chungu. Tumuulize huyo kwao wapi?

Na tazameni wenzetu wa Kenya. Wamakonde wa Kwale, wengi wao wajukuu wa waliotoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mkonge, waliishi miaka mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kutoka pwani hadi Nairobi wakisema wazi wametokea wapi. Mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la nchi ile. Hawakupata haki kwa kuficha.

Rafiki yangu mmoja wa darasani ananiambia habari za ukoo ni kufufua ukabila. Mimi naona kinyume. Ukikaa na bibi hukuti damu safi. Bibi alinitajia mama mkubwa mmoja wa zamani ambaye "alinunuliwa kwa nguo", yaani alikuwa mtumwa, akaolewa, akazaa, na watoto wake ni sisi. Alipolisema hilo alishusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu jikoni. Niliacha kuandika kwanza. Kisha akaniambia niandike.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Sisi wa ualimu tunakwenda mazoezi ya kufundisha, wengi tunapangwa mikoa hii hii. Kila mmoja achukue mzee mmoja, bibi akiwepo aanze na bibi, na amuulize nani alifyeka, alikuja na nani, mama yake nani. Kabla ya kuandika tumuombe ruhusa, na lisilotakiwa kutajwa lisitajwe. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine maktaba yetu kama wakikubali. Hatuhitaji bajeti, jamani, daftari la kaunta linatosha.

Mimi narudi nyumbani Julai. Nina kurasa kumi na nne, na ukurasa mmoja uko wazi kwa ajili ya mjomba. Nimempigia simu, amesema tutaonana kwa bibi.