Mia Tano kwa Mzungu

Mwaka jana nililipwa shilingi mia tano kudanganya kuhusu neno. Tovuti moja ya watalii, jina naliacha, ilitaka kijimakala: kwa nini tunamwita mgeni mweupe mzungu? Nikaandika wanavyopenda. Ati wazee walimwona akizunguka-zunguka bila kufika, wakamwita hivyo. Jioni hela ikaingia kwa M-Pesa.

Juzi, ufuoni Diani, nikamsikia kijana wa vinyago akiwasimulia Waingereza hadithi ile ile, karibu neno kwa neno. Wakacheka. Mmoja naye akatoa ya kwao: posh, neno lao la watu wa kujidai, ati ni herufi nne za tiketi za meli za India. Kwenda unalala kushoto, kurudi kulia, jua lisikuchome. Tamu kweli. Ila tiketi yenye herufi hizo haijawahi kuonekana, hata moja.

Sikatai, mzungu na kuzunguka huenda ni ndugu. Lakini kamusi zetu zina mzungu mwingine, wa wingi mizungu: jambo la ajabu, hila, mafunzo ya unyago. Je, mgeni hakuitwa hivyo kwa maajabu aliyokuja nayo? Huyo wa mizungu hasimuliwi ufuoni, maana hachekeshi. Tumechagua jibu kwa kicheko cha mteja, basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba zenye ushahidi zipo na tunazipita. Ulaya ni wilaya ya Kiarabu. Neno hilo hilo lilipita India likawa bilayati, askari wa Kiingereza wakalikunja likawa Blighty, jina la kuitamani nyumbani, na vita vya 1914 vikalieneza. Yaani yule Mwingereza akikumbuka kwao, neno lake na Ulaya yetu ni tumbo moja! Nani kamwambia? Si mimi. Mimi nilikuwa nauza mzunguko.

Mtasema huyu ni nani, aliacha chuo mwaka wa pili, karo ilimshinda. Sawa. Wenye digrii za isimu mko wapi, hadithi za mia tano zikigeuka elimu? Kijana wa vinyago simlaumu, yeye alisoma alichokikuta. Nilikiandika mimi.

Nimewaomba wenye tovuti waifute. Wamejibu kwamba inasomwa sana, na sasa wanataka nyingine, kuhusu jina Diani. Mia saba.