Kubadilisha Padi Si Kutibu Breki

Wacha niseme hii na mafundi wanikasirikie kama wanataka. Ukipeleka gari ya zamani gereji kwa sababu gurudumu linanuka moto, na neno la kwanza kutoka kwa fundi ni "nunua padi," huyo hajapima kitu. Amebahatisha. Na bili ya kubahatisha kwake unalipa wewe.

Kuna jibu lingine linaniudhi hata zaidi: "Hii gari imezeeka, zoea tu." Nizoee nini? Nizoee breki kuendelea kushika na mguu nimeshautoa? Enyewe tumezoea vitu vingi hii nchi, lakini hiki hapana.

Tuelewane kuhusu uzee kwanza. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari iliyotumika mradi isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo hata ile Vitz "mpya" ambayo beshte yako ameposti ikitoka bandarini Mombasa, huenda imeshakula miaka 7 huko Japani. Gari za zamani ndizo gari zetu. Ndizo tunapanda kwenda kazini, ndizo tutanunua tukipata doo. Tukikubali kwamba uzee ni jibu, basi hakuna gari itawahi kutengenezwa hapa.

Sasa tuingie ndani. Breki kushika maana yake ni padi au viatu vya dramu vinaendelea kusugua baada ya kuachilia kanyagio. Dalili unazijua hata kama hukujua jina lake: gari inakuwa nzito, haiteleze kwenye tambarare ukiachilia mafuta. Inavuta upande mmoja. Rimu moja ina vumbi jeusi kuliko zingine. Harufu kali kama ya kitu kinachoungua. Petroli inaisha haraka na unalaumu bei.

Padi iliyoisha upesi ni matokeo, si chanzo. Kama kalipa imekwama, padi mpya haitibu chochote. Kumbuka padi mpya ni nene kuliko ile iliyotolewa, kwa hivyo kwenye kalipa ambayo haitaki kurudi inaweza kubana diski hata zaidi. Umelipa ili tatizo liendelee na vifaa vipya.

Fundi anayetafuta chanzo anajibu maswali matatu. Yajue, hata kama hutawahi kushika spana.

Swali la kwanza: ni gurudumu gani? Endesha kama kilomita kumi ukitumia breki kidogo, kisha simama taratibu. Usiguse diski, itakuchoma. Lete kiganja karibu na kila rimu, au tumia kipimajoto cha kuelekeza, kile cha mafundi, si kile cha homa. Linganisha kushoto na kulia. Usilinganishe mbele na nyuma, kwa sababu za mbele hufanya kazi kubwa na huwa na joto zaidi hata zikiwa sawa.

Kama ni moja tu ndiyo jiko, shida kwa kawaida iko palepale: pini za kalipa zimekauka grisi, pistoni imeshika kutu, mpira wa breki umeharibika, au hata ni beringi na si breki kabisa. Kama ni zote mbili za nyuma, anza na handibreki. Kebo yake hushika kutu ndani ya ganda lake na hairudi, au viatu vya dramu vimekazwa kupita kiasi. Kama ni zote nne, acha kufungua magurudumu. Panda juu, kwa masta silinda.

Swali la pili: ni presha au ni chuma? Breki ikiwa imeshika, gari inapigwa jeki, inawekwa juu ya stendi, magurudumu mengine yanazuiwa. Fundi anafungua kidogo nati ya kutolea hewa kwenye kalipa. Gurudumu likiachilia, kulikuwa na presha iliyofungiwa ndani. Lisipoachilia, ni chuma: pini, pistoni, kebo.

Swali la tatu: hiyo presha imefungiwa wapi? Breki zinakanyagwa zishike tena. Safari hii inalegezwa ile nati ambapo bomba la chuma linaungana na mpira. Gurudumu likizunguka, mpira hauna kosa, tatizo liko upande wa masta. Likikataa, halafu liachilie ukifungua kwenye kalipa, mwizi ni mpira wenyewe. Mpira wa zamani huvimba ndani. Nje unaonekana poa, lakini mguu wako unasukuma mafuta yapite na hayana nguvu ya kurudi.

Na kama ni masta, zinalegezwa nati zinazoifunga kwenye sevo ili isogee mbele kidogo. Magurudumu yakiachilia, basi fimbo inayoisukuma imekaa ndefu. Kuna tundu dogo ndani ambalo mafuta hupitia kurudi kwenye kopo. Fimbo ikiisukuma hata kidogo muda wote, tundu linazibwa. Mafuta yakipata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, yanakaza breki, breki zinaleta joto zaidi. Ndiyo maana gari inatoka nyumbani ikiwa sawa na kukataa kwenda ukifika mbali.

Umeona mahali padi imetajwa kama jibu? Mimi pia sijaona.

Bado kuna mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya inapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka; ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga na mguu unafika chini bila gari kusimama. Na yule anayejaza mafuta ya injini au ya stelingi kwenye kopo la breki "tufike tu," anavimbisha kila mpira kwenye huo mfumo.

Sasa wewe ambaye huna gari na unadhani hii haikuhusu. Unapanda mat. Fikiria ile barabara ya kuteremka Mai Mahiu, ukipita kale kakanisa kadogo ka Waitaliano, magari yote yanashuka bondeni. Breki ambayo imekuwa ikishika tangu Nairobi inafika pale ikiwa tayari ni moto, kabla mteremko haujaanza. Dere anaongeza joto juu ya joto. Konda anashuka na jerikeni anamwagia gurudumu maji, na abiria tunaangalia simu. Maji baridi kwenye diski moto yanaweza kuipinda au kuipasua, na chanzo hakijaguswa.

Mtu ataniambia matatu hukaguliwa kila mwaka. Sawa. Lakini breki inayoshika ikipata joto inaweza kupita ukaguzi ikiwa baridi. Stika kwenye kioo haijawahi kuteremka mlima. Mwenye gari anayesema "maliza tageti kwanza, gereji Jumapili" anajua hilo vizuri kuliko mimi.

Najua maoni yanayokuja. "Wewe uliacha chuo, utafundisha fundi wa miaka ishirini?" Ndiyo niliacha chuo, na joto la rimu halikuniuliza cheti. Na sipigani na jua kali. Kuna mafundi mtaani ambao watainama, wazungushe gurudumu kwa mkono, wasikilize, ndipo waongee. Na kuna gereji zenye mapokezi ya vioo na kahawa ya bure ambazo zitakubadilishia seti nzima bila kufungua nati moja ya kupima. Tofauti haiko kwa vioo.

Lakini lawama nyingine ni yetu wateja, na hii wengi hawataki kusikia. Tunakubali kulipia spea kwa sababu tunaishika mkononi. Fundi akituambia "nimetumia saa moja kutafuta shida, nilipe hiyo saa," tunasema ni mwizi. Sasa unategemea nini? Umemwambia wazi kwamba akili yake haina bei, bei iko kwenye boksi la padi. Anakuuzia boksi. Ukitaka fundi anayefikiri, lipa kufikiri kwake.

Kwa hivyo jifunze neno moja: nionyeshe. Nionyeshe pini iliyokwama. Nionyeshe gurudumu likiachilia ukifungua hiyo nati. Nionyeshe likizunguka baada ya kutengeneza, kisha twende kilomita kumi tupime joto tena. Fundi anayejua kazi hatakasirika, atafurahi kuna mtu anaelewa. Anayekasirika amekujibu tayari.

Na ukiwa kwenye mat na unasikia ile harufu, toa earphone na useme. "Dere, gurudumu linaungua, simama tuangalie." Watakucheka, wataambia konda akurudishie nauli ushuke. Chukua hiyo nauli, shuka.