Wanyama na Watu: Kumpeleleza Ayala Pasipo Kumshtua

Wahenga walisema ya kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Neno hilo hutimia huko Marekani kila mwaka miti ipukutishapo majani yake, wakati watu wengi mno wachukuapo leseni zao na kuingia msituni kumwinda ayala mwenye mkia mweupe. Katika jimbo la Wisconsin msimu mkuu wa bunduki ni siku 9 tu, nao huanza mwezi wa Novemba, Jumamosi iliyo kabla ya sikukuu yao ya kutoa shukrani. Mtu aliyekusudia kuweka akiba ya nyama kwa miezi ya theluji hana siku ya kupoteza.

Ayala huyu, ambaye wasomaji wa Zaburi wamekwisha kukutana na jina lake, ana tabia zilizo karibu na za kulungu wa Kenya, ila pembe za dume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka wakati wa baridi na kuota upya. Chakula chake ni majani, machipukizi na mbegu za mwaloni. Na palipo na mashamba hula mahindi na soya bila haya. Hutembea zaidi alfajiri na magharibi, na mchana hujilaza vichakani.

Kabla ya msimu mwindaji aweza kuzunguka msitu apendavyo. Msimu ukiisha kuanza, kila hatua ina gharama yake. Ayala akishtuliwa mara mbili tatu mahali pamoja, mara nyingi hahami nchi ile, bali hubadili saa zake: hushinda mafichoni mchana kutwa na kutoka usiku, wakati ambao sheria ya huko yakataza kumpiga. Hapo hasara huwa ya watu wawili. Mwindaji hukosa nyama, na mwenye shamba huendelea kuliwa mahindi yake gizani.

Basi wawindaji wenye busara huanza kwa kutazama kutoka mbali. Hukaa penye mwinuko, au ndani ya motokaa kando ya barabara, kwa kuwa ayala wa mashambani wamezoea magari yapitayo, na kwa darubini huangalia ni pembe ipi ya shamba wanyama watokeapo jioni. Jioni mbili za namna hiyo hufundisha mengi kuliko siku nzima ya kukanyaga vichaka.

Jambo la pili ni upepo. Macho ya ayala hayapambanui vizuri rangi nyekundu na ya chungwa. Ndiyo sababu mwindaji aweza kuvaa vazi la rangi ya chungwa, liagizwalo na sheria ili asipigwe risasi na mwenzake, wala mnyama asishtuke. Lakini pua yake haidanganyiki. Mwindaji hurusha unga mwepesi hewani aone waelekea wapi, kisha hushika njia ambayo upepo wampiga usoni. Penye vilima hukumbuka pia kwamba jua la asubuhi huipasha hewa moto ikapanda juu, na jioni hewa ya baridi huteremka bondeni, nayo huchukua harufu ya mtu pamoja nayo.

Ikimlazimu kuingia, huchagua siku ya mvua, wakati majani yaliyoanguka hayalii chini ya mguu na maji hupunguza harufu ya nyayo zake. Hufuata ukingo wa msitu, wala hakaribii malalo ya wanyama. Hutafuta alama zilizo mpya: unyayo wenye kingo kali, mavi yang'aayo kwa unyevu, mti uliochubuliwa gome kwa pembe, na ardhi iliyoparuliwa na dume chini ya tawi lililoinama. Akiisha kuona, huondoka. Akisikia mnyama akipiga mguu chini na kupuliza pumzi puani kwa kishindo, au akiona mkia mweupe umeinuliwa, ajue kwamba siri yake imefichuka.

Siku hizi wengine hufunga mtini kamera zijipigazo picha zenyewe. Lakini mtu aendaye kila siku kuitazama kamera yake huacha harufu kila siku, na faida yote hupotea. Tena wako wasemao kwamba chombo hicho humwonea mnyama. Jimbo la Arizona liliharamisha matumizi yake katika uwindaji tangu mwaka 2022.

Sheria hizo zina asili yake. Kufikia mwaka 1900 ayala hao walikuwa wamekwisha katika sehemu nyingi za Marekani kwa kuwindwa pasipo kiasi. Majimbo yakaweka misimu na leseni, na mwaka 1937 sheria iitwayo Pittman-Robertson ikaagiza kwamba ushuru juu ya bunduki na risasi utumiwe kuwarudisha wanyama wa porini. Leo hukadiriwa kuwa wako kama milioni 30.

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, wala haimpasi mtu kuchukua upinde kwa kusoma habari hizi. Lakini mkulima aamkaye na kukuta mahindi yake yameliwa aweza kutumia maarifa yaya haya: atazame kutoka mbali alfajiri, apime upepo, asome nyayo ukingoni mwa shamba, wala asimfuate mnyama kichakani, kwa maana huenda akawa nyati. Ndipo atakapoweza kuwapelekea maofisa wa wanyama habari iliyo kamili: ni mnyama gani, alitokea wapi, na saa ngapi.