Nyambizi ya Kijerumani Iliyozama Mashariki ya Kilifi

Wako watu wengi katika pwani yetu wanaodhani kwamba Vita Kuu ya Pili ilipiganwa mbali nao, huko Ulaya, Uhabeshi na Burma, na kwamba bahari ya Malindi na Kilifi ilibaki salama. Wazee wa Malindi walijua kuwa sivyo, kwa sababu mji wao ulipigwa mabomu na ndege za Kitaliano mwezi wa Oktoba 1940. Lakini hatari iliyokuwa kubwa zaidi haikutoka angani. Ilikuwa baharini, chini ya maji, wala mtu aliyesimama ufukweni hakuweza kuiona. Leo tutaeleza habari za nyambizi moja ya Kijerumani, U-198, jinsi ilivyofanya kazi yake na jinsi ilivyoangamia.

Nyambizi hii iliundwa Bremen, ikaanza utumishi mwezi wa Novemba 1942. Urefu wake ulikaribia mita 88, nayo ilikuwa ya namna iliyotengenezwa makusudi kwa safari ndefu za bahari za mbali. Katika safari yake ya kwanza, mwaka 1943, ikiongozwa na Werner Hartmann, ilizamisha meli saba pande za Afrika ya Kusini na Msumbiji. Safari ya pili ilianza Ufaransa mwezi wa Aprili 1944, nahodha akiwa Burkhard Heusinger von Waldegg.

Huenda msomaji akauliza: Wajerumani walitafuta nini katika maji yetu? Jibu ni njia. Meli zenye makaa ya mawe, vyakula na askari zilipita mbele ya pwani hii zikienda Aden, Misri na Bara Hindi, na bandari ya Kilindini ilikuwa makao ya manowari za Kiingereza tangu mwaka 1942. Manowari za kulinda hazikutosha, kwa hiyo meli nyingi za mizigo zilisafiri peke yake. Na hata zile zilizolindwa hazikuokoka zote. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa siku chache kabla yake, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, na zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Basi hayo hayakuwa mambo ya wageni tu.

Tarehe 6 Agosti 1944, U-198 ilizamisha meli ya Kiingereza Empire City. Siku ya pili yake ikazamisha Empire Day, kiasi cha kilomita 300 mashariki ya Dar es Salaam. Mabaharia wa Empire Day waliokolewa, isipokuwa afisa mmoja. Huyo alichukuliwa na Wajerumani, akatiwa ndani ya nyambizi kuwa mateka.

Kwa meli hizo mbili hesabu ya U-198 ilifika kumi na moja. Lakini hapo ndipo tunapoona udhaifu wa chombo hiki. Nyambizi za siku zile hazikuweza kukaa chini ya maji muda mrefu. Mitambo yake ya mafuta ilihitaji hewa. Ikiwa chini ilitumia nguvu za betri, na betri zikiisha ilikuwa lazima kupanda juu ili kuzijaza tena. Ikiwa juu, ndege huweza kuiona. Tena kila meli iliyozamishwa ilikuwa kama unyayo wa fisi kando ya zizi: iliwaonyesha wawindaji mahali pa kuanzia. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Manowari za Kiingereza na za Kihindi zikaanza msako. Tarehe 10 Agosti ndege iliyoruka kutoka manowari Shah iliiona U-198 na kuishambulia, nayo ikazama chini na kutoroka. Lakini siku mbili baadaye, tarehe 12 Agosti, ilipatikana tena. Manowari zilikuwa na chombo kinachopeleka sauti majini na kupokea mwangwi wake, hata kitu kilichojificha kikajulikana kilipo. Findhorn ya Kiingereza na Godavari ya Kihindi zilishambulia, na nyambizi ile haikuibuka tena. Watu wake wote 66 walikufa.

Mahali ilipozama ni upande wa kaskazini-magharibi ya Ushelisheli. Mtu akitoka Kilifi na kuelekea mashariki moja kwa moja, bila kupinda, atapita karibu kabisa na mahali hapo baada ya zaidi ya kilomita 1,400.

Pamoja na Wajerumani hao 66 alikufa yule mateka wa Empire Day. Alikuwa ameokoka topido la adui siku tano tu zilizopita. Akauawa na silaha za watu wa upande wake mwenyewe, waliokuwa wakifanya kazi iliyowapasa. Kama wasingeizamisha nyambizi hiyo, mabaharia wengine wangalikufa. Mambo hayo mawili ni kweli yote pamoja, wala moja halifuti jingine. Anayesifu ushindi wa vita bila kutaja gharama zake hajaeleza habari yote.

Majina ya askari wetu waliopotea katika Khedive Ismail yamewekwa katika ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko kwenye makaburi ya vita mjini Nairobi. Baharini hakuna jiwe wala msalaba. Kwa hiyo yafaa sisi tunaoishi kando ya maji hayo tuwaeleze watoto wetu habari hizi, ili wasidhani kwamba bahari iliyo kimya haikuona vita.