Wingi wa Saa Si Tiba
Ipo dhana potofu kwamba mtoto mwenye usonji husaidiwa kwa wingi wa saa tu. Dhana hiyo haina budi kupigwa vita. Katika utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2010, watoto 48 wa miezi 18 hadi 30 waligawanywa katika makundi 2. Waliofundishwa majumbani mwao kwa miaka 2 waliwapita wenzao kwa akili na lugha. Lakini waliowafundisha walifunzwa barabara, na kazi yao ilikaguliwa. Mtaalamu asiyemsubiri mtoto ajibu, wala kuitikia ishara zake, anajaza daftari la mahudhurio tu. Mwalimu yeyote anajua kwamba kuingia darasani siko kufundisha. Kuhesabu saa bila kukagua kazi ni kumwibia mtoto miaka isiyorudi.